Mlicheka Sekunde Moja, Wimbo Ulikuwa wa Dakika Nne

Sawa wasee. Leo sina skiti, sina utani, na kama ulikuja kucheka, rudi Ijumaa. Leo nina deni la kulipa na nina watu kadhaa wa kugombeza, na wa kwanza kwenye hiyo foleni ni mimi.

Mnakumbuka ile klipu ya sekunde 11? Kijana wa sweta ya shule, mishipa ya shingo imesimama, anapanda noti ya juu halafu sauti inapasuka katikati kama spika ya matatu iliyomwagikiwa chai. Mimi ndiye niliikata ile. Mimi ndiye niliweka mlio wa mbuzi pale mwisho. Imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka kwa hii peji, na hadi wiki iliyopita kuna mtu alinitumia kama stika bila kujua ilitoka kwangu. Kitu sikuwaambia ni kwamba yule kijana ni ndugu yangu mdogo. Na pia sikuwaambia kwamba kabla ya ile sekunde na baada yake kulikuwa na dakika nne za kitu ambacho, mimi binafsi, sijawahi kusikia shule yoyote ya hapa kwetu ikijaribu.

Nimeitoa. Najua, najua, stika hazitoki.

Sasa wacha nianze venye nilifaa kuanza siku ile.

Ilikuwa siku ya wazazi mwaka jana, shule ya bweni ya wavulana, sitaji kaunti wala jina kwa sababu shida yenyewe haiko kwa geti moja. Hema, viti vya plastiki, mgeni wa heshima amechelewa saa mbili, soda zimeshapata joto. Kwenye ratiba kulikuwa na mstari mmoja tu: kundi la akapela. Vijana wanane wakatoka wakasimama nusu duara. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hata yule kijana wa kupiga biti kwa mdomo hakuwepo. Mmoja akachukua kile chuma chenye umbo la uma ambacho walimu wa kwaya hugonga gotini, akakigonga, akakiweka sikioni, akavuma noti moja. Wenzake wakaipokea. Kisha wakaanza kuimba "Hide and Seek" ya Imogen Heap.

Kwa wale hawamjui, huyu ni mwanamuziki wa Uingereza, wale wanaitwa wa indi, yaani anajisimamia bila lebo kubwa kumshika mkono. Albamu yenye huu wimbo, Speak for Yourself, ilitoka 2005 na aliigharimia mwenyewe kwa kuiweka nyumba yake rehani. Na msijifanye hamjawahi kuusikia. Mwaka wa 2009 Jason Derulo alichukua kipande chake, akakiwekea biti chini, kikawa kiitikio cha "Whatcha Say". Kama ulipanda matatu miaka ile, hicho kipande kiko ndani yako mahali fulani.

Lakini wimbo wenyewe, ule wa asili, hauna biti kabisa. Hapo ndipo ugumu unaanzia na ndipo nataka mnisikize polepole, kwa sababu waliocheka, nikiwemo, tulicheka bila kujua tunaangalia nini.

Alivyouimba yeye ni hivi. Anaimba sauti moja tu kwenye maiki, na wakati huo huo vidole vyake viko kwenye kinanda. Kinanda chenyewe hakitoi mlio wake. Kinaiambia mashine: chukua sauti yangu, ifanye iwe hii noti, na hii, na hii, zote kwa pamoja. Kwa hivyo unasikia kama kwaya nzima, na ni mtu mmoja na mashine ya hamoni. Zile sauti zote zinaanza silabi kwa sekunde ile ile na kumaliza kwa sekunde ile ile kwa sababu ni koo moja. Zinapumua pamoja kwa sababu ni mapafu mamoja. Haziwezi kuachana.

Sasa chukua hiyo kazi ya mashine uwape vijana wanane wa bweni waliolala saa tano wakaamshwa saa kumi alfajiri. Koo nane, mapafu nane. Hakuna ngoma ya kuwaambia silabi inayofuata inaanza lini, na ule wimbo unavutwa na kuachiliwa, haukimbii kwa mwendo mmoja. Wote wanatamka neno moja kwa wakati mmoja, kwa hivyo mmoja akichelewa hata nusu ya nusu sekunde, ile "s" ya mwisho inasikika mara mbili kama nyoka wawili. Kwenye wimbo wa kwaya wa kawaida, soprano wakikosea besi wanafunika. Kuna kayamba, kuna miguu, kuna vigelegele. Humu hakuna pa kujificha.

Halafu kuna lile jambo la kushuka. Yeyote aliyeimba kwaya bila kinanda anajua: mnaanza kwa noti moja, mnamaliza chini yake, na hakuna anayejua mlishuka lini. Mtu wa "mi" akichoka kidogo anakaa chini kidogo, jirani yake anamsikia, anamfuata ili wasigombane, na mkifika ubeti wa mwisho mmeshahama nyumba.

Aliyewafundisha ni mwalimu wa Fizikia. Nacheka kuandika hivi lakini ni ukweli. Hakuwa wa tume, aliajiriwa na bodi ya shule, na muziki kwake ni kitu alilelewa nacho kanisani. Aliusikiliza ule wimbo akaandika solfa kwa mkono, sauti kwa sauti, ubao mzima, kwa sababu karatasi za kuchapisha zina hesabu pale shuleni. Na aliwafundisha kusikia kwa njia ya Fizikia. Noti moja ikitetema mara 440 kwa sekunde na nyingine mara 437, aliwaambia, hewa itapiga mara tatu kila sekunde, wa-wa-wa, na sikio lako litaisikia hata kama hujui kusoma noti. Mkikaa sawa, ile wa-wa inapotea. Ndugu yangu anasema walikaa jioni tatu wakiimba noti moja tu wawili wawili, wakisubiri wa-wa ipotee. Jioni tatu, noti moja! Nipe mtu anayesema vijana wa siku hizi hawana subira nimwonyeshe hao.

Walifanya mazoezi baada ya prepu, kule nyuma ya kufulia nguo, kwa sababu kuta zile zinarudisha sauti vizuri. Miezi miwili na nusu.

Basi. Siku yenyewe wakaimba. Dakika ya kwanza hema lilikuwa linaongea bado, wazazi wanatafutana viti. Dakika ya pili kukaanza kutulia. Nilikuwa nimeshika simu, nikajikuta nimeishusha, na mimi ni mtu hushusha simu tu ikizimika. Kodi zilikuwa zinakaa moja baada ya nyingine kama mtu anayefungua milango (kodi za muziki, tafadhali, leo sizungumzi ushuru). Dakika ya tatu nikakumbuka kazi yangu, nikainua simu. Na hapo ndipo ndugu yangu, mwenye noti ya juu kabisa ya sauti ya kichwani, miaka 16, koo iliyovunjika mwaka uliotangulia tu, akapasuka.

Hema likacheka. Mimi pia. Kicheko changu kinasikika kwenye video, cha kwanza kabisa, kabla ya watu wengine.

Nimeitazama video nzima mara nyingi sasa. Nisikilizeni. Sauti ya juu ilipokatika, zile saba hazikusonga. Hakuna aliyegeuka kumwangalia. Hakuna aliyeharakisha ili aibu iishe. Mmoja wa tena, kijana mfupi wa upande wa kushoto, aliongeza sauti yake kidogo tu, kama mtu anayekushika kiwiko ukijikwaa, na silabi mbili baadaye ndugu yangu alirudi juu ya noti ile ile. Huku watu mia kadhaa wanamcheka. Walipomaliza, yule wa chuma akakigonga tena, kwa siri, pembeni ya paja. Nilimwona. Walikuwa wameshuka nusu toni. Wote wanane. Unajua maana yake? Kama kila mtu angekuwa anaimba yake, mmoja angeshuka, mwingine angebaki, na masikio yenu yangelia. Walishuka pamoja kwa sababu walikuwa wakisikilizana kuliko walivyokuwa wakijisikiliza. Hilo nalo ni kosa, mwalimu wao aliwaambia ni kosa na wakakubali. Lakini ni kosa la watu wanaojua wanachofanya.

Nikaenda nikakata sekunde 11 nikaweka mbuzi.

Sasa tuje kwa shule, kwa sababu mimi niliwaumiza kwa intaneti, shule ikamalizia nyumbani. Walipomaliza, naibu wa mwalimu mkuu akachukua maiki. Akashukuru, akatabasamu, akasema sasa turudi kwa nyimbo za kueleweka. Hema likacheka mara ya pili. Kwaya ya shule ikapanda na ule wimbo wao wa tamasha, mzuri kweli, na mgeni wa heshima akatoa pesa jukwaani. Wiki iliyofuata lile kundi likaambiwa likome. Sababu: muda wa masomo. Chumba cha muziki kikafungwa, funguo zikawa za kwaya peke yake. Mwalimu wa Fizikia akaambiwa azingatie silabasi, na mkataba wake ulipoisha haukuandikwa tena. Sisemi ni kwa sababu ya wimbo. Nasema tu haukuandikwa tena.

Muda wa masomo. Wacha nikae hapo.

Mimi niliimba alto miaka minne sekondari. Najua muda wa masomo unaendaje muhula wa pili, msimu wa Tamasha la Muziki. Tulikuwa tunatoka darasani saa nne asubuhi kwenda mazoezi. Tukitoka zoni tunaenda kaunti ndogo, tukipita hapo tunaenda kaunti, halafu kanda, halafu kitaifa, na kila hatua ni siku kadhaa kwenye basi. Hesabu sijui mpaka leo, na mwalimu wangu wa hesabu ndiye alikuwa dereva wa pili wa safari zile. Hakuna mtu alitaja silabasi. Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na kombe. Kombe linakaa kwa ofisi ya mkuu, mzazi akija kutafutia mtoto nafasi analiona. Washindi wa kitaifa huenda kuimba mbele ya Rais, na picha ile inakaa ukutani miaka kumi.

Kwa hivyo msituambie ni muda. Vijana hawa walitumia muda wao wa kulala, nyuma ya kufulia. Shida ni kwamba hawakuwa wanaleta kombe, na hawakuwa wameomba.

Sitaki mtu aseme nalitukana Tamasha la Muziki. Liko tangu 1927 na limenilea. Kuna mwaka nilisikia shule moja ikiimba wimbo wa kitamaduni wa mazishi wa jamii ambayo siijui lugha yake hata neno moja, nikalia hadi trena wetu akaniuliza kama nimepata habari mbaya nyumbani. Hilo tamasha limehifadhi nyimbo ambazo zingezikwa na mabibi zetu. Lakini pia tuseme ukweli kuhusu vitengo vingine, vile vinavyodhaminiwa na taasisi za serikali, ambapo mtoto wa miaka 15 anaimba beti sita kuhusu ushuru au uadilifu wa maafisa, ameshika bango, anatabasamu kwa kuagizwa. Nimeimba hizo. Hakuna mtu aliwahi kutuuliza tunafikiri nini kuhusu ushuru. Tuliambiwa tu tutabasamu kuanzia meno ya juu.

Huo ndio wimbo "wa kueleweka". Unaeleweka kwa sababu aliyeulipia alishaelewa kabla haujaandikwa.

Na wa vijana hawa haukuwa hata na siasa. Huu haukuwa Echoes of War. Tuliona Aprili 2025 kule Nakuru yaliyowapata wasichana wa Butere kwa sababu ya mchezo wa kuigiza, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Pale angalau ungeelewa nani anaogopa nini. Hapa hakuna waziri aliyetajwa, hakuna mtu aliyekasirishwa. Kosa lao pekee ni kuchagua kitu kigumu bila kutumwa. Inaonekana hata hilo linatosha.

Halafu kuna wale wa kwenye maoni yangu: mbona wanaimba za wazungu, hatuna zetu?

Swali ni halali, nami nalijibu kwa heshima mara moja, kisha nitalijibu bila heshima. Kwa heshima: ndiyo, tuna zetu, na nyingi zinafaa akapela kuliko mnavyodhani. Nilimuuliza ndugu yangu swali hilo hilo. Akaniambia, "Sistee, hatukuichagua kwa sababu ni ya mzungu. Tuliichagua kwa sababu haina biti ya kujificha." Na akaniambia iliyokuwa inafuata kwenye orodha yao ni "Ha-He" ya Just A Band, ile ya Makmende, 2010. Jaribu kufikiria vile vinanda vya kompyuta na ile besi vikitoka kwa midomo ya vijana wanane. Walikuwa wameshaanza kugawana sauti kundi lilipofungwa. Kwa hivyo mkitaka kulia kuhusu muziki wa Kenya kukosa kuimbwa shuleni, huo hapo, umekufa ukiwa bado kwenye daftari, kalieni huo.

Bila heshima sasa. Katika lile tamasha mnalolipigia makofi kuna vitengo vya nyimbo teule za Kizungu. Watoto wa Kisii, wa Kitui, wa Taita wanapewa wimbo wa mtu aliyekufa Ulaya kabla babu wa babu yao hajazaliwa, wanafundishwa kutamka kama Mwingereza wa kwenye redio, na mkifaulu mnapewa cheti. Hapo hamsemi za wazungu. Mzungu aliyekufa ni elimu. Mzungu aliye hai, anayeimba kuhusu mambo yaliyomuuma, huyo ndiye ukoloni? Tafadhalini.

Na kuimba bila ala si kitu tuliletewa na filamu za Marekani. Kwetu ni Wasabato. Nimelala kwa mabenchi ya kanisa nikiwa mdogo huku wazee wanne wanaimba kutoka Nyimbo za Kristo, kitabu kimoja kimeshikwa na wote, hakuna kinanda wala kipaza sauti, na besi ya mzee mmoja ilikuwa inaingia kwa mbao za benchi ikitikisa meno yangu. Ndugu yangu alijifunza kusikia hapo kabla hajajua kusoma. Eric Wainaina, kabla hajawa Eric Wainaina mnayemjua, alikuwa kwenye kundi la akapela, Five Alive. Sauti Sol walianza 2005 kama waimbaji wa akapela, marafiki waliokutana Upper Hill, na gitaa la Polycarp likaja baadaye. Mnawaita fahari ya taifa. Lakini hakuna aliyezaliwa fahari ya taifa. Walizaliwa vijana wa shule wanaopiga kelele mahali fulani baada ya prepu, na bahati yao ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na simu pale, na hakuna dada aliyeweka mbuzi.

Nimesema nitajigombeza, wacha nimalizie hilo kabla sijapoa.

Sisi watu wa kutengeneza video tunapenda kusema algoriti ndiyo inataka hivi. Algoriti haikunishika mkono. Nilikuwa na dakika nne zote kwenye simu. Nilikaa kitandani usiku ule nikatafuta mahali penye kicheko, nikapapata, nikakata kushoto na kulia. Nilifanya kwa ustadi pia, hiyo ndiyo inaniuma, niliihariri vizuri kuliko kazi ninazolipwa. Nilijiambia ni utani wa nyumbani, kwamba ndugu yangu atacheka. Simu haziruhusiwi shuleni kwao kwa hivyo hakuiona mpaka alipofunga. Alijua kitu tu, kwa sababu wanafunzi wa kutwa wa shule jirani walikuwa wanamlilia mbuzi getini wakati wa mechi. Aliporudi nyumbani aliomba simu ya mathe, akaitazama mara moja, akarudisha simu. Hakunisemesha siku nne. Siku ya tano, tukiwa tunaosha vyombo, akauliza, "Kwani wewe ulisikia hiyo moja tu?"

Nilikosa jibu, kwa sababu jibu la ukweli lilikuwa hapana. Nilisikia zote. Nilisikia zile saba zikimngoja.

Sasa, kwa nini naandika leo na si mwaka jana? Kwa sababu mambo yamebadilika na hayajabadilika. Januari hii Gredi ya 10 wa kwanza wameingia sekondari ya juu, na serikali imetuambia kuna njia tatu, na moja yazo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Imeandikwa, imetangazwa, wazazi wamejaza fomu. Shule ya ndugu yangu inasema inazo zote tatu. Vijana wawili wa Gredi ya 10 waliochagua hiyo njia wamemfuata ndugu yangu, ambaye sasa yuko Fomu Tatu, kumuuliza lile kundi la kwenye klipu linakutana wapi. Mnaelewa hiyo? Waliiona klipu yangu na mbuzi wake, na chini ya mbuzi walisikia ile kodi ya nyuma, wakataka kujiunga. Masikio yao ni mazuri kuliko yangu. Ndugu yangu alienda ofisini na ombi la maandishi, limepigwa sahihi na vijana sita, wakiomba chumba cha muziki saa moja kila Jumatano. Akaambiwa hakuna kundi kama hilo pale shuleni.

Kwa naibu, kama kuna mzazi atakusomea hii: mwalimu, shikamoo. Sikuombi bajeti. Hawataki sare, hawataki basi, hawataki trena kutoka Nairobi wa kulipwa kwa siku. Chuma chao wanacho. Wanaomba funguo, saa moja, chumba ambacho kinakaa bure kuanzia Septemba mpaka tamasha lingine lianze. Kama wimbo haueleweki, waulize wakueleze, watafurahi mno. Ndugu yangu atakuelezea mashine ya hamoni hadi ukimbie.

Na kwa mzazi uliyesema kwenye maoni yangu kwamba watoto watafute kitu watakachofaulu: umewahi kumwona mtoto wako akifanya kitu alichochagua mwenyewe, kinamshinda, na harudi nyuma? Mimi nilimwona wangu, kwa sekunde moja, na nikaigeuza mbuzi.

Ndugu yangu yuko nyumbani sasa kwa likizo fupi. Kijana mmoja wa tena, yule mfupi wa kushoto, anakaa mtaa wa pili, alikuja jana. Walikaa jikoni wakaanza kuimba noti moja, wawili, wakisubiri ile wa-wa ipotee. Mathe aliwavumilia kama dakika kumi akawaambia wakatolee hayo maombolezo nje, maharagwe yataungua. Walitoka nje wakaendelea kando ya tangi la maji.

Nimeomba ruhusa kwa wote wanane, wawili wao wameshamaliza shule, na wazazi wao. Nimepata. Video nzima itakuwa hapa kesho saa mbili usiku, dakika nne na sekunde zake, bila kukatwa, na kicheko changu kimebaki ndani. Sauti inapasuka dakika ya tatu. Wekeni sikio kwa yule wa kushoto.